Jinsi ya kusoma picha za vita kwenye magazeti ya zamani ya Waserbia (soma kama unavyosoma kanga)

Habari zenu wapendwa. Mi nauza kanga na vitenge Mtaa wa Uhuru hapa Kariakoo, mwaka wa kumi na nne sasa, na najua kuna mtu ashauliza kanga na Serbia wapi na wapi, vuta kiti utaelewa. Mpwa wangu yuko chuo anasoma historia, muhula uliopita walipewa kazi ya kuchambua picha za vita kwenye magazeti ya karne ya 19, yeye akaangukia Serbia, nchi ya kule Balkani, kusini mashariki mwa Ulaya, mji mkuu Belgrade. Ikawa kila jioni anakuja dukani simu imejaa skrinshoti za farasi, bendera na moshi wa mizinga, na chini ya kila picha ameandika "hii inaonyesha vita vya mwaka 1876" bas (ndo vita vya Waserbia na Waturuki). Mwalimu akamrudishia kazi, pembeni kaandika umeziangalia tu hujazisoma. Tukakaa mtu na shangazi yake tukaanza upya, na njia tuliyoipata ndo hii naiweka hapa manake inafaa kwa picha yoyote ya vita, hata zetu.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mteja wangu akiingia anauliza "hii ina jina gani?" kabla hata hajauliza bei. Na sisi wauzaji tunajua mji uleule, rangi ileile, inaweza ikatoka na jina lingine, ya kwanza ukimpelekea bibi harusi anafurahi, ya pili ukiianika uani jirani anajua umemsema. Picha za vita za zamani zilikuwa hivohivo kabisa. Kwa hiyo kila picha igawe mafungu matatu, pindo (imechapwa wapi, lini, na nani, kwa njia gani), mji (nani yupo katikati, kavaa nini, anafanya nini) na jina (maneno yaliyoandikwa chini). Na ushauri wangu, jina lifunike kwa kidole mpaka mwisho.

Tuanze na pindo, hapa ndo watu wengi wanaruka.

Kwanza jua Waserbia wa karne ile hawakuwa nchi moja. Kulikuwa na Serbia yenyewe, yenye mtawala wake lakini bado chini ya Sultani wa Waturuki mpaka 1878. Kulikuwa na Waserbia wengine ndani ya Austria-Hungaria, mji wao mkubwa wa usomi ukiwa Novi Sad. Na wengine Bosnia na Herzegovina, chini ya Sultani moja kwa moja. Majarida ya picha mengi hayakuchapwa Belgrade, yalichapwa ng'ambo ya mpaka. Srbadija ilianza 1874 Vienna. Orao, ambayo ni kalenda nene ya mwaka kama kitabu, maana ya jina ni tai, ilitoka Novi Sad. Ilustrovana ratna kronika, yani habari za vita kwa picha, Novi Sad pia, wakati vita vinapiganwa. Nova iskra ya Belgrade imekuja mwishoni kabisa, 1899.

Sasa fikiria, mtu kakaa Novi Sad chini ya serikali ya Hungaria anafungua jarida anaona Mserbia wa Herzegovina kashika bunduki mlimani. Hamjui, hajawahi kufika kwake, serikali zao mbili tofauti, lakini picha inamwambia yule ni wa kwenu. Hiyo ndo kazi kubwa ya picha hizi, kuwafanya watu waliotawanyika chini ya dola tofauti waseme "sisi". Na mhariri wa Novi Sad alikuwa anacheza na moto, manake Svetozar Miletić, kiongozi wa Waserbia wa upande ule na mwenye gazeti la Zastava, alikamatwa Julai 1876 vita vilipoanza tu akafungwa. Kwa hiyo unapotazama picha kama imechapwa Novi Sad jiulize hapa mhariri angeweza kusema nini waziwazi, na kipi ilibidi kisemwe na picha.

Tarehe. Hapa mpwa wangu alipoteza maksi kibao kwa hiyo naomba msikilize vizuri. Waserbia walikuwa wanatumia kalenda ya zamani ya Juliasi ambayo kwa karne ya 19 iko nyuma kwa siku 12. Vita na Uturuki vilitangazwa tarehe 18 Juni 1876 kwao, kwa kalenda yetu ni 30 Juni. Ukikuta toleo la tarehe 20 na tukio unalijua la tarehe 30, usiseme gazeti lilitabiri, jumlisha 12. Magazeti mengine yanaweka tarehe zote mbili na mkwaju (/) katikati, hapo umepona. Afu kuna siku moja lazima uikariri, Vidovdan, tarehe 15 Juni ya kalenda ya zamani, siku ya kukumbuka vita vya Kosovo vya 1389, Waserbia walipopigana na Waturuki. Leo inaangukia 28 Juni lakini karne ile ilikuwa 27. Picha za Kosovo ukikuta zimewekwa toleo la mwezi huo usishangae, na mwaka 1889 ulipotimia mwaka wa 500 ndo kabisa.

Njia ya kuchapa. Hii ndo sehemu naipenda kuliko zote kwa sababu na sisi huku tunaishi kwa machapa. Fungua picha kwenye simu, vuta kwa vidole viwili mpaka uone mistari. Kama kivuli kimetengenezwa kwa mistari mingi membamba inayopishana, hiyo imechongwa kwenye mbao. Mti waliokuwa wanautumia ni mgumu sana lakini haunenepi, kwa hiyo picha ya ukurasa mzima ilibidi iunganishwe kwa vipande vidogovidogo vilivyofungwa kwa bolti kwa nyuma. Picha ikiwa ya haraka wanavifungua vipande, kila mchongaji anapewa chake, huyu anachonga anga, yule miguu ya farasi, halafu vinarudishwa pamoja. Kuna jioni mpwa wangu ananionyesha picha ya wapanda farasi, katikati ya mawingu kuna mstari mweupe mwembamba umenyooka kama uzi, unashuka toka juu unapita kwenye shingo ya farasi mpaka kwenye majani chini. Akasema shangazi hapa karatasi ilikunjwa. Nikamwambia karatasi ikikunjwa inaacha alama kama kanga iliyokaa sana kwenye rafu, mkunjo unachakaa, una uchafu, hauwi msafi vile. Huo ulikuwa ni ungio wa mbao mbili. Na ukitazama kwa makini, majani ya kushoto kwa ule mstari yamechongwa mafupimafupi na ya kulia yamelala, yani mikono miwili tofauti. Tangu siku ile akawa hawezi kuitazama picha bila kutafuta uzi.

Kwanini ina maana? Kwa sababu kamera za miaka ya 1870 zilikuwa nzito na za polepole, farasi anayekimbia haziwezi kumkamata, na hata picha ya kamera ikiwepo, mashine ya gazeti haikuweza kuichapa pamoja na maandishi bila mtu kuichonga upya. Kwa hiyo picha yoyote ya mapigano ya wakati ule, watu wanakimbia, upanga uko hewani, hiyo imetengenezwa na mkono wa mtu, aidha aliona akachora haraka kisha mwingine akaisafisha mjini, aidha hakuona kabisa alihadithiwa. Kwenye picha za viongozi, waliokaa wametulia, utakuta neno fotografija chini, hapo ujue mchongaji alikuwa na picha ya kamera mbele yake. Na ukivuta ukaona vidoti vidogovidogo badala ya mistari basi uko miaka ya 1890 kwenda mbele, hilo ni jambo la Nova iskra sio la vita vya 1876.

Angalia na kona za chini. Kuna vijina vidogo, herufi del. inakuja baada ya jina la aliyechora, sc. baada ya aliyechonga, na herufi X. A. kwa Kijerumani ni karakana ya kuchonga mbao. Ukiiona X. A. kwenye jarida la Kiserbia simama hapo hapo, manake inawezekana picha imetoka Ujerumani au Vienna. Na hapa ndo tunarudi kwenye kanga. Magazeti makubwa ya picha ya Ulaya, kama Illustrated London News iliyoanza 1842, au Illustrirte Zeitung ya Leipzig ya 1843, yalikuwa na pesa ya kutuma wachoraji vitani. Jarida dogo halina. Sasa mbao ikishachongwa inaweza kutolewa nakala ya chuma, inaitwa klishe, na klishe inauzwa kwa gazeti lingine, nchi nyingine, lugha nyingine. Mji uleule, jina jipya! Picha iliyochorwa kwa ajili ya msomaji wa Leipzig anayekunywa kahawa yake anashangaa watu wa milimani, ikifika Novi Sad inawekewa maneno ya Kiserbia na inakuwa picha ya ndugu zetu mashujaa. Mistari haijabadilika hata mmoja. Kwa hiyo ukipata picha ya aina hii, chukua skrinshoti, itafute kwa picha kwenye gugo, ukiipata gazeti lingine ziweke pamoja usome majina mawili. Tofauti ya yale majina mawili ndo insha yako, hapo ndo taifa linapotengenezwa.

Haya sasa twende kwenye mji wa picha.

Anza na nguo, huko kwao nguo zilikuwa zinasema kuliko uso. Opanci ni viatu vya ngozi vya wakulima, vingine ncha imepinda juu, ukiviona ujue mchoraji anataka uone mwananchi wa kawaida ndo anapigana. Jatagan ni upanga mfupi uliopinda kidogo, unakaa mkandani pamoja na bastola. Šajkača ni kofia ya kitambaa ya jeshi ambayo baadae ikawa kofia ya Mserbia popote alipo. Bendera nyekundu bluu na nyeupe haitaonekana rangi kwa sababu uchapaji ni mweusi tu, lakini utaona mapande matatu, au msalaba wenye alama nne pembeni kama herufi C zimegeuziana migongo.

Afu tarbushi. Hapa nataka nikae kidogo. Kwetu tarbushi ni kofia ya heshima, marehemu babu yangu alikuwa nayo nyekundu yenye kishada, hakuivaa ila Idi na maulidi, na ilikaa kwenye boksi lake juu ya kabati. Kwenye picha za vita za 1876 mpaka 1878 tarbushi ndo alama ya adui, mchoraji hana haja ya kuandika huyu ni Mturuki, anamvisha tarbushi imekwisha. Mimi mara ya kwanza iliniumiza, siwezi kuficha. Lakini tukaendelea kuchimba tukakuta kitu. Miloš Obrenović, aliyeongoza uasi wa pili wa Waserbia mwaka 1815, babu wa taifa kabisa, alichorwa na Pavel Đurković mwaka 1824 akiwa amevaa kilemba kikubwa, mavazi ya kituruki toka juu mpaka chini! Ndivyo wakubwa wa wakati ule walivyovaa Belgrade, wakristo na waislamu. Na tarbushi Waserbia wa mjini walivaa miaka mingi tu. Ina maana katikati ya mzee Miloš na picha za 1876 kuna kazi imefanyika, ya kuvua na kuvisha, ya kuamua hiki ni chetu na hiki ni chao. Ukishalijua hilo kila kofia kwenye picha inakuwa swali.

Baada ya nguo tazama mkao wa watu. Waserbia wengi wa wakati ule hawakujua kusoma ila walijua nyimbo, ndefu, zinaimbwa na mtu mwenye gusle ambayo ni zeze la uzi mmoja. Kwenye nyimbo hizo yupo binti wa Kosovo, ambaye asubuhi baada ya vita anatembea katikati ya maiti na maji na divai, anawaosha majeruhi damu, anawanywesha, huku anawatafuta mashujaa watatu walioondoka na ahadi zao, mpaka Pavle Orlović aliyelala amejeruhiwa anamwambia wote watatu wamekufa. Kila mtu alikua na wimbo huo. Sasa mwaka 1876 ukichorwa mwanamke amepiga magoti, kashika kichwa cha askari aliyelala, chupa pembeni, msomaji hahitaji kuambiwa. Anamwona nesi na anamwona yule binti wa miaka mia tano nyuma kwa wakati mmoja, na ndani ya moyo wake vita hivi na vile vinakuwa vita vimoja. Halafu linganisha na wanawake wa kweli wa mwaka huo, Draga Ljočić alikuwa anasomea udaktari Zürich akarudi kuhudumia majeruhi kwenye vita hivyo, baadae akawa mwanamke wa kwanza Mserbia kuwa daktari. Mwanamke mwenye elimu na mkasi wa daktari mkononi, na binti wa wimbo mwenye jagi la divai. Tazama picha uliyonayo umpate ni yupi, nusu ya uchambuzi umemaliza.

Wachoraji wenyewe wa Kosovo waliokuwa wanajulikana, tafuta Adam Stefanović, litografia zake (picha za kuchapwa kwa jiwe) za miaka ya 1870 zilitundikwa majumbani. Na kabla yake Anastas Jovanović, ambaye alianza kuchapa picha za mashujaa wa zamani kule Vienna toka 1850 na alikuwa mpiga picha wa kwanza wa Waserbia. Hao wawili wakikukaa kichwani utaanza kuona picha nyingi za vita vipya zimekopa kutoka kwao, farasi ameinua miguu vile vile, bendera imeegemea vile vile.

Sasa jina, ondoa kidole. Lugha isikutishe, Kiserbia kinasomwa kama kilivyoandikwa, sawa na Kiswahili. Ukijifunza herufi za kisiriliki jioni mbili tatu zinatosha. Maneno ya kukariri ni рат (rat) vita, бој (boj) pigano, јунак (junak) shujaa, рањеник (ranjenik) majeruhi, устанак (ustanak) uasi wa kudai uhuru. Tazama kama jina limetaja mtu, au limetaja aina ya mtu tu. "Shujaa kutoka Herzegovina" sio mtu, ni nafasi ambayo kila msomaji anaweza kujiweka. Na tazama kama jina na mji vinakubaliana. Oktoba 1876 Waserbia walipigwa vibaya Đunis, vita vikasimama kwa sababu Urusi ilimtishia Sultani, lakini picha ya kushindwa nani ataitundika ukutani, kwa hiyo usipime matokeo ya vita kwa wingi wa picha za ushindi.

Mtihani mgumu kabisa ni 1885. Novemba ya mwaka huo mfalme Milan aliwatangazia vita Wabulgaria, akashindwa Slivnica ndani ya siku tatu. Wabulgaria hawa ni waorthodoksi wenzao, waslavu wenzao, miaka saba tu nyuma wote walikuwa upande mmoja dhidi ya Sultani. Adui hana tarbushi! Zile alama zote za 1876 hazifanyi kazi. Ukipata picha za vita hivi ziweke pembeni ya zile za mwanzo uangalie mchoraji anamtambulishaje adui anayefanana naye.

Na swali la mwisho ni nani hayupo. Januari 1878 jeshi la Serbia liliingia Niš, na Julai mkutano wa Berlin ukaipa Serbia uhuru kamili na eneo lile. Picha za bendera mpya utaziona. Lakini eneo lile lilikuwa na waislamu, Waturuki na Waalbania, maelfu kwa maelfu waliofukuzwa majira ya baridi ya 1877 na 1878 wakaitwa muhajir, neno ambalo halihitaji tafsiri kwetu. Watafute na wao kwenye kurasa zilezile. Mpwa wangu aliandika aya nzima juu ya hilo, na hiyo ndo aya aliyosifiwa.

Pa kupata picha, Maktaba ya Taifa ya Serbia na maktaba ya Matica srpska ya Novi Sad wameweka magazeti mengi ya zamani kwenye intaneti bure. Maktaba ya Belgrade iliungua Aprili 1941 kwa mabomu ya Wajerumani, kwa hiyo kitu kikikosekana Belgrade jaribu Novi Sad. Unaposevu picha iandike jina la jarida, mji, mwaka, toleo, tarehe zote mbili, manake baada ya wiki utakuwa na skrinshoti mia mbili hujui ipi ni ipi.

Kabla hujagusa hizo za Serbia lakini, fanya zoezi hapa hapa mjini. Nenda Sanamu ya Askari pale Samora, jumamosi asubuhi kabla magari hayajajaa. Pindo lake, iliwekwa 1927 na Waingereza, na maandishi yapo ya Kiswahili kwa herufi za kirumi na za kiarabu, na Kiingereza. Mji wake ni askari mmoja na bunduki yenye singe. Halafu sogea usome jina. Utakuta limewataja na wapagazi, waliobeba mizigo ya jeshi. Rudi nyuma uangalie tena juu, askari ni mmoja, mpagazi hayupo. Na hao wapagazi ndo waliokaa kambini huku kwetu, Kariakoo jina lake limetoka kwenye kikosi chao, Carrier Corps. Sisi na mpwa wangu tulisimama pale karibu nusu saa, tukatembea kurudi dukani kwa miguu.